Ufundi wa Kupima Kina cha Staki

Katika nyumba nyingi za Maili Moja, Kongowe na Mlandizi, upande wa Kibaha, sawa na katika nyumba za Kisarawe mjini na zile zilizotawanyika kuelekea Maneromango, ipo kompyuta ambayo wenye nyumba hawaihesabu kuwa kompyuta. Imefungwa ndani ya mita ya LUKU, yaani ya umeme unaolipiwa kabla, nayo hufanya kazi usiku na mchana bila mtu wa kuiangalia: hupima umeme unaopita, hupunguza uniti zilizobaki, hupokea tarakimu 20 anazobonyeza mteja, na hukata umeme uniti zinapokwisha. Moyo wa kifaa hicho ni maikrokontrola, yaani chipu moja iliyobeba kichakataji, kumbukumbu ya kudumu inayotunza programu, na kumbukumbu ya muda ambamo hesabu za papo kwa papo hufanyika. Insha hii inahusu sehemu ndogo ya kumbukumbu hiyo ya muda, iitwayo staki, na hasa kazi ya yule anayeamua staki iwe na ukubwa gani. Kazi hiyo inastahili kuhesabiwa miongoni mwa stadi za juu za ufundi wa zama hizi, kwa sababu anayeifanya hutakiwa kuijua saa nzito kuliko zote katika maisha ya mashine kabla mashine yenyewe haijafungwa ukutani.

Kwa msomaji aliyezoea simu zenye mabilioni ya baiti za kumbukumbu, ufinyu unaozungumzwa hapa huweza kuonekana kama hadithi ya zamani, ilhali ni jambo la leo. Chipu ya ATmega328P, ambayo wanafunzi wengi wa elektroniki huanza nayo, ina kumbukumbu ya muda ya baiti 2,048 tu, kiasi cha maandishi ya ukurasa mmoja wa kitabu. Ile 8051 iliyotolewa na kampuni ya Intel mwaka 1980, na ambayo vizazi vyake vingali vikitengenezwa, ilikuwa na baiti 128 za ndani. Ndani ya nafasi hiyo hukaa kila kitu kinachobadilika: hesabu ya uniti, saa, vipimo vya mkondo, tarakimu zinazosubiri kuonyeshwa kwenye kioo, na staki yenyewe. Kila baiti inayopewa staki ni baiti iliyonyimwa kitu kingine, na kwa hiyo kukadiria kwa ukarimu bila hesabu si wema, kama vile kukadiria kwa ubahili kusivyo uangalifu.

Programu ya kifaa cha aina hii haiandikwi kama mfululizo mmoja mrefu wa maagizo, bali hugawanywa katika fanksheni, ambazo ni vipande vya programu vilivyopewa kila kimoja jina na kazi yake, na ambavyo huitana kadiri kazi inavyohitaji. Fanksheni moja inapoiita nyingine, ni lazima mashine ikumbuke mahali pa kurudi iliyoitwa itakapomaliza, itunze thamani zilizokuwa ndani ya rejista, yaani vile vihifadhi vichache vilivyomo ndani ya kichakataji chenyewe, na itenge nafasi kwa ajili ya thamani ambazo iliyoitwa itazihitaji kwa muda wake tu. Yote hayo huwekwa kwenye staki na kuondolewa kwa mpangilio wa kinyume, kama magunia ya korosho ghalani, ambayo lililopangwa mwisho juu ya mengine ndilo hushushwa kwanza. Katika chipu nyingi za leo staki huanzia kwenye anwani ya juu ya kumbukumbu na kukua kuelekea anwani za chini, ingawa ile ya 8051 hukua kwenda juu, na tofauti hiyo, ambayo mwanzoni huonekana kuwa ya mapendeleo tu, hugeuka kuwa kubwa inapofika wakati wa kuamua staki ikae jirani na nini.

Mpango huu una historia inayoheshimika. Alan Turing alikwisha kueleza, katika ripoti yake ya miaka ya 1945 na 1946 kuhusu mashine ya ACE, namna ya kuhifadhi mahali pa kurudi na kupachukua tena. Na mwaka 1957 Friedrich Bauer na Klaus Samelson wa Ujerumani waliomba hataza ya mashine iliyojengwa juu ya kanuni hiyo. Faida yake kubwa kwa mashine ndogo ni kwamba nafasi moja hutumiwa na wengi kwa zamu: baiti zilezile zilizotumika kusimbua namba za umeme hutumika, sehemu ya sekunde baadaye, kupanga tarakimu za kuonyeshwa kiooni, bila yeyote kati ya watumiaji hao kujua kuwa mwenzake alikuwapo. Ndiyo maana haitoshi kuuliza staki hutumia kiasi gani kwa kawaida. Kinachotafutwa ni kina, yaani mahali pa mbali kuliko pote ambapo staki inaweza kufika, hata kama hufika huko mara moja katika miaka kumi na kukaa kwa muda usiofika sehemu moja ya elfu ya sekunde.

Katika vichakataji vya Arm vya jamii ya Cortex-M, ambavyo vimeenea katika vifaa vya kupima na kuendesha mitambo, heshima ya staki imeandikwa katika umbile lenyewe la chipu. Kichakataji kinapopata umeme, kabla hakijatekeleza agizo lolote, husoma neno la kwanza kabisa la jedwali lililopo mwanzoni mwa programu, na neno hilo ni anwani ambapo staki inaanzia. Neno la pili ndilo linaloeleza programu ianzie wapi. Umeme unapokatika Kisarawe na kurudi, kila kifaa chenye kichakataji cha namna hiyo huanza upya kwa kuambiwa kwanza pa kuwekea kumbukumbu zake, ndipo huambiwa la kufanya. Anayeliandika neno hilo ni mwanadamu, au ni programu ya kuunganisha, yaani ile inayokusanya vipande vyote vilivyotafsiriwa na kuvipa anwani zake za mwisho, lakini nayo hufuata faili iliyoandikwa na mwanadamu.

Katika faili hiyo ndipo ufundi unapoanza kutofautiana na mazoea. Zana ya STM32CubeIDE, inayotolewa na kampuni ya STMicroelectronics, humpa mtumiaji faili iliyokwisha kujazwa, yenye baiti 1,024 kwa ajili ya staki na 512 kwa ajili ya hipu, ambayo ni eneo la kumbukumbu linalokatwa vipande na kurejeshwa programu ikiwa kazini. Wengi huamini kwamba namba hizo ni kuta. Ukweli ni kwamba ni ukaguzi wa mara moja tu, unaofanywa wakati wa kuunganisha programu, ili kuhakikisha kuwa baada ya kila kitu kupewa nafasi yake kumebaki angalau kiasi hicho; programu ikishaanza, hakuna katika namba hizo kinachoizuia staki kuvuka na kuingia kwenye hipu, kisha kwenye data za programu. Kuiacha namba ya kiwandani bila kuihoji si kosa la hesabu, kwa kuwa hesabu haikufanyika.

Hesabu yenyewe inafaa kufuatwa kwa mfano wa jambo linalotendeka kila siku Kibaha na Kisarawe, la mteja kuingiza namba za umeme. Mita za LUKU hufuata kiwango cha STS, kilichozaliwa Afrika Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1990 na ambacho sasa ni kiwango cha kimataifa kinachojulikana kama IEC 62055-41. Tarakimu 20 anazobonyeza mteja, ziitwazo tokeni, ni namba moja kubwa yenye biti 66. Mbili kati ya biti hizo hueleza aina ya tokeni, na 64 zilizobaki zimefungwa kwa usimbaji unaotumia ufunguo wa mita hiyo. Zikishafunguliwa, 4 hueleza aina ndogo, 4 ni za kubahatisha, 24 ni za muda ambao tokeni ilitolewa, 16 ni za kiasi cha umeme, na 16 za mwisho ni za uhakiki kwamba hakuna tarakimu iliyokosewa. Namba ya biti 66 haienei katika kigeu kikubwa cha kawaida cha lugha ya C, chenye biti 64, kwa hiyo programu hulazimika kuibeba katika safu ya baiti na kuifanyia hesabu baiti moja baada ya nyingine, na safu hiyo inahitaji mahali pa kukaa. Kila mtengenezaji huandika programu yake kwa namna yake, lakini hatua hizi hakuna anayeweza kuzikwepa.

Tuseme basi, kwa kukadiria, kwamba katika mfululizo ambao kila fanksheni huiita inayofuata, ile kuu inahitaji baiti 16 za staki, inayosoma vitufe 32, na inayoshughulikia tokeni 96, kwa kuwa hiyo ndiyo inayoshika tarakimu na matokeo. Fanksheni ya kushughulikia tokeni huita kwanza ya kugeuza tarakimu kuwa biti, inayohitaji 48. Hiyo ikimaliza, nafasi yake hurudi. Kisha huita ya kusimbua, inayohitaji 176, ambayo nayo huita ya kuchanganya biti, inayohitaji 64. Na mwisho huita ya kuandika kiasi kipya katika kumbukumbu ya kudumu, inayohitaji 80. Mgeni wa kazi hii hujumlisha zote na kupata namba kubwa isiyo na maana. Fundi huona kwamba tatu kati ya hizo huitwa kwa zamu kutoka sehemu moja na kamwe hazikutani, kwa hiyo hufuata tawi lililo refu tu: 16, 32, 96, 176 na 64, jumla yake 384. Uwezo huo wa kuliona tawi refu katika mti wa wito wenye matawi mamia, na kutambua ni yapi hayawezi kuwapo kwa wakati mmoja, ndio kiini cha stadi yenyewe, na haupatikani kwa kuangalia mstari mmoja wa programu bali kwa kuijua programu nzima kama mtu anavyozijua njia za kijiji chake.

Lakini 384 bado si kina. Wakati mteja anabonyeza, umeme haukomi kupita, na mita haina ruhusa ya kuacha kupima. Umeme wa Tanzania hubadili mwelekeo kwa masafa ya mizunguko 50 kwa sekunde, na ili mita ipime kwa usahihi hulazimika kuchukua vipimo vingi ndani ya kila mzunguko mmoja, kila kimoja kikifika kwa njia ya katizo. Katizo ni mwito unaotoka nje ya mtiririko wa programu, kutoka kwenye saa au kwenye kihisio, ambao hukisimamisha kichakataji popote kilipo na kukitaka kishughulikie jambo lisiloweza kungoja. Kichakataji cha Cortex-M kikipokea katizo huweka chenyewe kwenye staki maneno manane, yaani baiti 32, ili kikumbuke kilikuwa wapi. Na kama kina sehemu ya hesabu za desimali na sehemu hiyo ilikuwa ikitumika, nafasi inayotengwa hufika baiti 104. Katizo lenyewe lina fanksheni yake, na katizo lenye uzito zaidi linaweza kulikatiza lenye uzito mdogo. Katika mfano wetu, katizo la vipimo likihitaji baiti 32 na 64 za fanksheni yake, na la mawasiliano likihitaji 32 na 48, kina kinafika 560. Fundi akiongeza robo ya tahadhari atapata 700, na kwa kuwa staki ya Cortex-M hupangwa kwa hatua za baiti nane, ataandika 704.

Namba 704 inaweza kuandikwa kwa sekunde moja, na uzito wake hauko katika tarakimu zake. Ndani yake mna uamuzi kuhusu makatizo gani yaruhusiwe kukatizana, fanksheni gani zigawanywe, safu gani zihamishwe kutoka kwenye staki na kupewa mahali pa kudumu. Mtu akija baadaye na kuingiza ndani ya fanksheni ya kusimbua wito mmoja wa kuchapisha maandishi kwa ajili ya uchunguzi, akitumia fanksheni ya maktaba inayohitaji kwa mfano baiti 400, tawi refu litakuwa 720, na pamoja na makatizo litafika 896. Programu itatafsiriwa bila onyo, itapita majaribio ya mezani, na itafungwa ikiwa na kasoro isiyoonekana.

Hapa ndipo kazi hii inapotofautiana na aina nyingine za uhakiki, na Kibaha yenyewe inatoa mfano mzuri wa kulinganisha. Pale Misugusugu, kando ya barabara kuu ya Morogoro, Wakala wa Vipimo wana kituo ambacho huhakiki matanki ya malori ya mafuta na dira za maji. Dira huhakikiwa kwa kupitishiwa kiasi cha maji kinachojulikana, kisha kulinganishwa kile ilichosoma na kile kilichopita. Ni njia ya haki, iliyo wazi, ambayo mnunuzi na muuzaji wanaweza kuikubali. Njia hiyo hufaa kwa sababu kosa la dira hujitokeza kila inapopima. Kosa la staki halina tabia hiyo. Hutokea tu katizo la vipimo na la mawasiliano yanapofuatana ndani ya sehemu chache za milioni za sekunde ambamo programu iko kwenye ncha ya tawi refu, na jaribio la siku nzima linaweza kupita bila sadfa hiyo kutokea, ilhali mita elfu nyingi zikiwa kazini kwa miaka, sadfa hiyo inakuwa jambo la lazima. Ikitokea, hakuna king'ora. Baiti za mwisho za staki huandikwa juu ya kitu kingine, pengine hesabu ya uniti, pengine saa, na programu huendelea kwa utulivu ikitumia thamani isiyo yake. Mwenye nyumba huona uniti zisizoeleweka, fundi wa umeme huangalia nyaya asione kasoro, na chanzo hubaki mahali ambapo wote wawili hawana macho ya kupaona.

Kwa kuwa kosa halijitokezi lenyewe, wanaofanya kazi hii wamejitengenezea namna za kuliendea. Mojawapo ni kuipaka staki rangi: kabla ya programu kuanza, kila baiti ya eneo lililotengwa huandikwa thamani moja inayotambulika kwa urahisi, kisha kifaa huachwa kifanye kazi, na baada ya hapo huangaliwa ni hadi wapi thamani hiyo imefutwa. FreeRTOS, mfumo huria wa kupanga kazi kwa maikrokontrola ulioanzishwa na Richard Barry mwaka 2003, hufanya hivyo kwa kuandika thamani ya 165 katika kila baiti, na una fanksheni ya kueleza ni nafasi ndogo kiasi gani iliyowahi kubaki tangu kazi ianze. Namna nyingine ni kuihoji kompaila, yaani programu inayotafsiri lugha ya C kuwa maagizo ya mashine: GCC ikiombwa huandika, kwa kila fanksheni, idadi ya baiti itakazotumia. Njia ya kwanza husema kilichotokea. Ya pili husema kinachoweza kutokea. Wenye pupa huchagua moja. Aliye makini hufanya zote mbili, na zinapotofautiana hatulii mpaka ajue sababu, kwa kuwa tofauti hiyo aghalabu ndiyo njia ambayo majaribio yake hayakuifikia.

Kompaila nayo ina mipaka yake, kwani haiwezi kukadiria kina cha fanksheni inayojiita yenyewe bila kikomo kinachojulikana. Ndiyo maana kanuni za MISRA C, zilizoandikwa kwanza kwa ajili ya magari na baadaye kupokewa katika mitambo mingi, zinakataza fanksheni kujiita, na ndiyo maana Gerard Holzmann wa maabara ya JPL ya NASA, katika kanuni zake kumi alizozitoa mwaka 2006, aliliweka katazo hilo katika kanuni ya kwanza kabisa. Wapo wanaoona makatazo hayo kuwa ya kubana akili. Mwandishi wa insha hii anaona kinyume: katazo hilo ndilo linalofanya kina kiwe jambo la hesabu badala ya kuwa jambo la matumaini, na fundi aliyekubali kulifuata amejinunulia haki ya kusema kwa uhakika kile ambacho wengine husema kwa kubahatisha.

Kwamba jambo hili si la wataalamu wachache tu, lilidhihirika mwaka 2013 katika mahakama moja ya jimbo la Oklahoma nchini Marekani, katika kesi ya Bookout dhidi ya Toyota. Mhandisi Michael Barr, shahidi wa upande wa walalamikaji, aliieleza mahakama kwamba matumizi ya staki katika kompyuta ya injini, ambayo yalikuwa yametajwa kuwa asilimia 41, kwa hesabu yake yalifika asilimia 94, tena kabla ya kuhesabu fanksheni zinazojiita zenyewe. Ulikuwa ushahidi wa upande mmoja wa kesi, na unapaswa kusomwa hivyo. Hata hivyo, ulikuwa wakati wa nadra ambapo raia wa kawaida walioketi kama wazee wa baraza walitakiwa kufahamu kina cha staki ni nini, na kwa nini mtu anayekihesabu vibaya anawajibika kwa watu asiowajua.

Kifaa kinapokuwa na kazi nyingi zinazopokezana, kama vile kinachosoma kina cha maji tangini, kuendesha pampu na kutuma taarifa kwa wakati mmoja, mfumo wa kupanga kazi huipa kila kazi staki yake, na hesabu iliyofanywa mara moja sasa hufanywa mara sita au kumi. Maji ya Ruvu Juu, yanayosafishwa Mlandizi, husukumwa hadi Kibamba, na kutoka Kibamba sehemu yake hupandishwa Kisarawe. Mtandao wa aina hiyo, popote ulipo, ndio makazi ya asili ya programu za namna hii, kwa sababu hali ya tanki lililo mbali lazima ijulikane kwa pampu isiyoliona. Ni hapo ndipo mpango mmoja wa Cortex-M unapostahili sifa ya pekee. Kichakataji hicho kina vielekezi viwili vya staki, kimoja kwa ajili ya kazi na kingine kwa ajili ya makatizo, kwa hiyo kila kazi hulazimika kuacha nafasi ya yale tu ambayo katizo la kwanza huyaweka kwenye staki, na mzigo wote wa makatizo yanayokatizana hubebwa na staki moja ya pamoja. Katika chipu zisizo na mpango huo, kama ATmega328P, kila kazi hulazimika kutenga nafasi kwa ajili ya katizo linaloweza kuikuta, na nafasi hiyohiyo hulipwa mara sita. Yatajwe pia mazoea mabaya ya vipimo: FreeRTOS hupima staki ya kazi kwa maneno, si kwa baiti, kwa hiyo 128 kwenye chipu ya biti 32 ni baiti 512, lakini toleo la mfumo huo linalotumika katika chipu za ESP32 hupima kwa baiti, na namba ileile ikihamishwa huku hadi kule bila kufikiriwa humpa mtu robo ya alichokusudia.

Kuna uamuzi mwingine ambao haugharimu baiti hata moja. Ikiwa staki itawekwa juu ya data za programu, kama ilivyo desturi, ikifurika huangukia data hizo kimyakimya. Ikiwa itawekwa chini kabisa ya kumbukumbu ya muda, na data zikawekwa juu yake, staki ikifurika huvuka mwisho wa kumbukumbu na kugusa anwani isiyokuwapo, na Cortex-M hukataa papo hapo kwa kurusha hitilafu inayoweza kunaswa, kuandikwa na kufuatiwa na kuanza upya kwa utaratibu. Kosa lililokuwa bubu limepewa sauti kwa kubadilisha mpangilio tu. Chipu mpya zaidi, kama Cortex-M33, zina rejista maalumu za kikomo cha staki zinazofanya kazi hiyo popote staki ilipo. Ni vyema stadi hii ifundishwe mapema: mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Kibaha au ya Minaki, akiwa na kibao cha ATmega328P na kompyuta moja ya kushirikiana na wenzake, anaweza kuipaka staki rangi, kuifurisha kwa makusudi na kuona kwa macho yake data zikiharibika, na atakuwa amejifunza kuhusu mipaka ya mashine jambo ambalo wahandisi wengi hulijua kwa kusimuliwa.

Mtihani mkubwa wa hesabu za namna hii katika nyumba za Kibaha na Kisarawe ulifika mwaka 2024. Zile biti 24 za muda zilizomo ndani ya kila tokeni huhesabu dakika, na hesabu ilianzia 1 Januari 1993. Biti 24 haziwezi kuhesabu zaidi ya dakika 16,777,216, na dakika hizo zilikuwa zinakwisha 24 Novemba 2024. TANESCO, kama mashirika mengine ya umeme duniani yanayofuata kiwango hicho, iliwataka wateja waingize makundi mawili ya tarakimu 20 kabla ya kundi la tatu la umeme walionunua. Makundi hayo mawili hubadilisha ufunguo wa mita, kila moja likibeba nusu ya ufunguo mpya. Nusu ya kwanza ikishapokelewa lazima ingoje ya pili, na haiwezi kungojea kwenye staki, kwa sababu fanksheni iliyoipokea imekwisha kurudi na baiti zake zimekwisha kutolewa kwa wengine; anayeandika programu ya mita alipaswa kulijua hilo na kuitengea mahali pengine. Zaidi ya hayo, njia hiyo ya kubadilisha ufunguo huenda ilikuwa haijapitiwa hata mara moja katika mita nyingi tangu zifungwe, na sasa ilitakiwa ipitiwe ikiwa imezungukwa na makatizo yaleyale ya vipimo na mawasiliano, ndani ya staki iliyopimwa na mtu ambaye wakati huo pengine alikwisha kuhamia kazi nyingine.

Hesabu mpya ya dakika, kwa mujibu wa STS, inaanzia 1 Januari 2014, na kwa biti zilezile 24 itajaa 24 Novemba 2045. Baadhi ya mita zinazofungwa sasa katika nyumba mpya za Visiga na Msanga zitakuwa zimebadilishwa kabla ya siku hiyo, na baadhi zitakuwa zingali ukutani. Anayeandika programu ya mita leo ana sababu ya kuifikisha njia hiyo kwenye meza yake ya majaribio, staki ikiwa imepakwa rangi na makatizo yote yakiwa yamewashwa, na kuandika kando ya namba aliyoichagua ni tawi lipi lililompa namba hiyo, ili atakayeifungua faili hiyo miaka ishirini baadaye aweze kuikagua bila kumtafuta.